Ngoma Inapigwa Mbele ya Nani?

(Mazungumzo ya redio. Fungu la kusoma: 2 Samweli 6:1–23)

Kama una Biblia karibu nawe, fungua kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa sita. Kama huna, au kama uko jikoni na mikono imejaa unga, sikiliza tu. Habari yenyewe ni nyepesi kukumbuka.

Mfalme Daudi alikuwa akilileta sanduku la Bwana Yerusalemu. Njiani alicheza kwa nguvu zake zote, akiwa amevaa naivera ya kitani, siyo joho la ufalme. Baragumu zikalia na watu wakapiga kelele za furaha. Juu, kwenye dirisha, alisimama mkewe Mikali, binti Sauli. Akatazama chini, akamwona mfalme anarukaruka kama mtu wa kawaida, akamdharau moyoni mwake.

Basi, katika habari hii tuna watu wawili: mmoja anacheza chini barabarani na mwingine anadharau juu dirishani. Nasema watu hawa wawili wamo katika makanisa yetu mpaka leo.

Mnajua ninachosema. Vijana wanakuja kwa wazee wa kanisa wakiomba ngoma ya kikwetu ipigwe siku ya mavuno. Mzee mmoja anasimama na kusema, "Babangu aliacha ngoma hiyo siku aliyobatizwa. Mnataka tuirudie?" Mwingine anajibu, "Kinanda nacho kilitoka kwa nani?" Mkutano unakwisha watu wamenuna. Jumapili inayofuata vijana wengine hawaonekani. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini kanisa laweza kupasuka kwa ajili yake. Ndiyo sababu leo tunalizungumza mbele ya Neno la Mungu.

Na tuchukue mfano mmoja. Kule Magharibi ya Kenya, katika Kaunti ya Kakamega, wako ndugu zetu Waisukha na Waidakho. Ngoma yao inaitwa isukuti. Jina la uchezaji limetoka kwenye ngoma zenyewe. Ngoma hizo hupigwa tatu pamoja: kubwa, ya kati na ndogo. Pamoja nazo hulia pembe ya mnyama na njuga za chuma. Kiongozi huanza wimbo, wengine huitikia, na wachezaji hujipanga safu, wanaume kwao na wanawake kwao. Isukuti ilipigwa mtoto alipozaliwa, vijana walipotoka jandoni, kwenye arusi na kwenye matanga. Ilipigwa hata siku ya mafahali kupigana. Kwa kifupi, hakuna siku kubwa katika maisha ya mtu iliyopita bila ngoma ile kusema neno.

Mwaka 2014 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu na utamaduni, yaani UNESCO, liliiandika isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa nini kwa haraka? Kwa sababu wengi wanaoijua vizuri ni wazee, nao hawana wa kuwarithi. Mzee anazikwa na ujuzi wake unafukiwa pamoja naye. Sasa jiulize, msikilizaji: mzee huyo ni nani? Mara nyingi ni mshiriki wa kanisa. Anakaa benchi ya nyuma. Mikono ile inayojua jambo ambalo ulimwengu mzima umeliita la thamani imekunjwa mapajani kila Jumapili, na hakuna aliyepata kuiuliza neno.

Lakini tusikimbilie kuwalaumu baba zetu. Wamisionari wa kwanza wa Friends walifika Kaimosi, jirani kabisa na nchi hiyo, mwaka 1902. Wakristo wa kwanza katika sehemu nyingi za Kenya waliambiwa waache ngoma, nao wakaziacha. Wengine waliziacha kwa kuambiwa tu. Lakini wengine waliziacha kwa sababu walizijua kutoka ndani. Walijua ni ngoma ipi ilipigwa kuita pepo, ni wimbo upi uliimbwa kumtukana jirani mpaka akahama, ni usiku upi pombe ilimwagika na asubuhi binti wa mtu akaonekana analia. Kwa Kiswahili neno "ngoma" ni pana. Ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, ni sherehe nzima. Na huko Pwani kuna hata ngoma ya pepo. Mtu aliyetoka katika utumwa wa pepo hawezi kuisikia ngoma kama vile anavyoisikia mgeni aliyekuja kutazama. Tuwaheshimu waliolipa gharama hiyo.

Tena tukumbuke kwamba ngoma yaweza kubeba ugomvi. Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu, misheni na watu wengi walipogongana juu ya tohara ya wasichana, ulizuka wimbo wa kuchezwa uitwao muthirigu. Uliwadhihaki wamisionari na Wakristo waliokuwa upande wao. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku mwaka 1930. Amri ilitoka, lakini majeraha hayakupona kwa amri. Watu wa nyumba moja walikaa miaka mingi bila kusalimiana. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ngoma ni mchezo tu. Ngoma ina nguvu, na kitu chenye nguvu huulizwa kinakwenda wapi.

Basi Neno la Mungu lasemaje?

Fungua Kutoka, mlango wa kumi na tano. Israeli wamevuka Bahari ya Shamu. Miriamu nabii anashika tari mkononi, na wanawake wote wanamfuata wakicheza. Hakuna aliyemkemea. Sasa geuza kurasa chache tu, mpaka mlango wa thelathini na mbili. Musa anashuka mlimani, anasikia kuimba, anaona ndama ya dhahabu na watu wanacheza. Hasira yake inawaka, anavunja zile mbao za mawe. Angalia sana, ndugu yangu. Ni watu wale wale. Pengine ni miguu ile ile iliyocheza kando ya bahari. Kilichobadilika ni yule waliyemchezea.

Fungua tena Danieli, mlango wa tatu. Mfalme Nebukadreza aliweka sanamu, akaamuru kwamba baragumu, filimbi na vinubi vikilia, watu wote waanguke na kuisujudu. Halafu soma Zaburi ya 150, uone baragumu, kinubi, tari na kucheza vikiitwa vimsifu Bwana. Vyombo vya ukoo mmoja. Mahali pamoja vinaita watu kwenye sanamu, mahali pengine vinaita watu kwa Mungu aliye hai. Kosa halikuwa la mti wala la ngozi. Mti ni wa Mungu, na ngozi ni ya Mungu.

Lakini mtu asifurahi haraka akasema, "Basi, kila kitu ni ruhusa." Rudi katika lile fungu letu la leo. Safari ya kulileta sanduku ilikuwa mara mbili, siyo mara moja. Mara ya kwanza muziki ulikuwa mwingi sana. Biblia yetu ya Kiswahili, ikitaja vyombo vya siku ile, inataja hata kayamba, chombo ambacho ndugu zetu Wamijikenda wanakitikisa mpaka leo. Watu walicheza kwa nguvu zao zote. Hata hivyo Uza alikufa siku ile, na furaha ikageuka kilio. Sanduku walikuwa wamelipandisha juu ya gari, na sheria ilisema lichukuliwe mabegani mwa Walawi. Twajifunza nini? Kwamba ngoma haiwezi kufunika kutokutii. Nabii Amosi naye aliwaambia watu wa siku zake kwamba Mungu amechoka na kelele za nyimbo zao, kwa sababu hukumu ya haki haikuwako kati yao. Unaweza kupiga ngoma ya kikwetu vizuri kabisa, na bado ukamnyima kijakazi wako mshahara. Unaweza pia kuimba tenzi za kitabu bila ngoma yo yote, na bado ukahamisha jiwe la mpaka wa shamba la mjane. Mungu husikia yote mawili.

Kwa hiyo nawapa maswali matatu ya kupimia. Yaandikeni kama mnaweza.

Swali la kwanza: Ngoma hii inapigwa mbele ya nani? Daudi alipoulizwa na mkewe, hakuanza kusifu uchezaji wake. Alisema kwamba alicheza mbele za Bwana. Kama ngoma inapigwa kwa mizimu, au kwa mganga, au kwa mwanasiasa aliyekuja na bahasha, hapo umepata jibu lako.

Swali la pili: Maneno yake yanasema nini? Wimbo wa kikwetu una maneno yenye kina. Mengine ni hekima ambayo ingefaa mimbarani: uvivu ni aibu, yatima asisahauliwe, mume asimpige mkewe. Mengine ni matusi na kiburi cha kabila. Wazee wanaojua lugha wakae wayachuje, kama mama anavyopeta nafaka kwenye ungo. Hatupi ungo wote kwa sababu ya makapi.

Swali la tatu: Asubuhi inaacha nini? Hili ndilo swali ambalo watu hawalipendi. Mnajua kwamba katika sehemu nyingi za nchi yetu mkesha wa matanga umegeuzwa kuwa disko. Vipaza sauti vinalia usiku kucha, fedha zinachangwa, na watoto wa shule wako gizani. Maiti amelala ndani, na nje msichana wa miaka kumi na minne anaharibiwa maisha. Huo siyo utamaduni wa babu zetu, wala siyo ibada. Baba zetu walipomlilia mtu kwa ngoma, walikuwa wakimlilia. Kule Nyanza, mpiga nyatiti alikaa kwenye kigoda, akapiga nyuzi nane kwa vidole vyake, na kwa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu akagonga mti wa chombo, huku akisimulia matendo ya marehemu na kuwafariji waliobaki. Watu walirudi nyumbani wamefarijiwa. Ngoma inayoacha mimba, deni na ugomvi imejihukumu yenyewe, iwe ya kikwetu au ya kigeni.

Sasa, wapenzi, turudi kwenye zile ngoma tatu za isukuti. Nataka zituhubirie kidogo.

Ngoma kubwa haitoshi peke yake. Sauti yake ni nzito, lakini ukiipiga peke yake watu watasimama tu. Ile ndogo ina sauti ya juu na ya haraka. Nayo peke yake ni kelele. Zikikutana tatu, kila moja ikishika mahali pake, ndipo miguu ya watu inapoinuka. Tena kiongozi wa wimbo hawezi kuimba peke yake. Akitoa neno, hungoja kuitikiwa. Asipoitikiwa, wimbo umekufa. Je, si hivyo Mtume Paulo alivyowaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo vyake? Jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba haliuhitaji. Lakini kanisani mwetu kuna ngoma kubwa zinazotaka kusikika peke yake mwaka mzima, na ngoma ndogo zilizonyamaza kwa sababu hakuna aliyezingoja. Mwenyekiti, umengoja kuitikiwa? Mchungaji, ni lini uliposikia sauti ya ngoma ndogo?

Nchi yetu yenyewe ina ushuhuda juu ya jambo hili. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, watu watano walipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Mmoja wao, Thomas Kalume, alikuwa mtumishi wa kanisa. Hawakuchukua kishindo cha vita, wala hawakuazima muziki wa ng'ambo. Walichukua sauti ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kule kwenye Mto Tana, walikuwa wakiwabembelezea watoto. Juu ya sauti hiyo waliweka sala. Kwa hiyo kila mara tunaposimama kuimba "Ee Mungu Nguvu Yetu", Mkenya wa kila kabila anamwomba Mungu kwa sauti ya mama mmoja aliyekuwa akimlaza mtoto wake. Hakuna aliyesema kwamba sala ile imetiwa unajisi na wimbo wa kijijini. Basi kama taifa lilijua kufanya hivyo, je, kanisa lishindwe?

Lakini bado nina neno kwa ajili ya Mikali.

Wahubiri wengi humpiga sana mama huyu. Mimi naomba tumtazame kwa huruma. Soma mlango wa tatu wa kitabu hicho hicho. Mikali alikuwa ameolewa na Paltieli, na Daudi akaamuru arudishwe kwake. Paltieli alimfuata mkewe njiani akilia, mpaka akafukuzwa. Baba yake Mikali alikuwa amekufa vitani, na ndugu zake pia. Mama huyu aliposimama dirishani hakuwa na kiburi tu. Alikuwa na majeraha. Muziki wa furaha ya Daudi ulipita chini ya dirisha la mtu ambaye hakuna aliyemwuliza habari za machozi yake. Dharau yake ilikuwa kosa, na Biblia haifichi. Lakini mimi najiuliza: ingekuwaje kama mtu angepanda ngazi mapema akamwita?

Katika kanisa lako yuko Mikali. Pengine ni yule mama anayepinga ngoma kwa ukali, na watu wanamcheka kwamba ni wa kizamani. Hawajui kwamba mume wake alianza ulevi kwenye ngoma. Hawajui kwamba binti yake aliharibiwa usiku wa mkesha. Ninyi mnaopenda ngoma, msimpite chini ya dirisha mkicheza. Pandeni mkamwulize. Mtume Paulo aliwaambia Warumi kwamba aliye na nguvu asimkwaze ndugu yake kwa ajili ya chakula. Itakuwaje basi kwa ajili ya ngoma?

Nanyi mnaokataa ngoma, yuko mtu mwingine ambaye nawaomba mmfikirie. Katika Luka kumi na tano, mwana mpotevu aliporudi, baba alifanya karamu. Kaka yake mkubwa alikuwa shambani. Alipokaribia nyumba alisikia muziki na kucheza. Bwana Yesu mwenyewe ndiye aliyetia muziki na kucheza katika nyumba ya Baba; sikuutia mimi. Kaka huyo akakasirika, akakataa kuingia. Alikuwa mtu mwema, mchapa kazi, asiyekosa Jumapili hata moja kama tungesema kwa lugha yetu. Lakini alibaki nje ya nyumba ya baba yake kwa sababu ya ngoma ya mtu mwingine. Na baba akatoka nje kumsihi. Ona baba huyo: amemkimbilia mmoja njiani, na sasa anatoka kumbembeleza mwingine uani. Hakumwambia, "Kaa huko." Anawataka wote wawili ndani.

Basi tufanyeje juma hili? Nasema mambo matatu mepesi.

Kwanza, mtafute mzee au mama mmoja katika kanisa lenu anayejua nyimbo na vyombo vya kale. Mtembelee. Chukua sukari na majani ya chai. Mwulize wimbo huu uliimbwa lini, na maneno yake maana yake nini. Kaa naye, na uende na kijana mmoja.

Pili, kabla ya kuamua neno lo lote juu ya ngoma kanisani, wazee na vijana wasome pamoja 2 Samweli 6 na Luka 15. Wasipige kura kabla hawajaomba. Na yule anayepinga apewe nafasi ya kusema kwa nini, hata kama atalia.

Tatu, juu ya matanga, kubalianeni saa ya kufunga, na watoto warudi nyumbani jua linapotua. Kama kuna kuimba, kuwe ni kwa kuwafariji waliofiwa. Mtu wa Mungu hahitaji giza ili aimbe.

Daudi alipomaliza kucheza, Biblia yatuambia kwamba aliwabariki watu, akamgawia kila mmoja, mwanamume na mwanamke, mkate na chakula, kisha kila mtu akaenda nyumbani kwake. Ngoma iliyopigwa mbele za Bwana iliisha kwa watu kushiba na kufika nyumbani salama. Hicho ndicho kipimo. Ikiwa ngoma yetu itawaacha maskini wameshiba, na binti zetu wamefika nyumbani salama, na yule aliyekuwa dirishani ameshuka, basi tutajua ilipigwa mbele ya nani.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, wewe ndiwe uliyeumba mti, ngozi, pembe na sauti ya mwanadamu. Twakushukuru kwa baba na mama zetu waliokujua wakaacha yaliyowafunga. Twakushukuru pia kwa wazee ambao bado wanashika nyimbo za watu wetu. Safisha midomo yetu na miguu yetu. Uwafariji waliojeruhiwa usiku wa ngoma, na uwalinde watoto wetu. Utoke, ee Baba, ukawasihi wale wanaosimama nje kwa hasira, mpaka sote tumeingia nyumbani mwako. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.